Kuvusha Bila Kuharibu



Ukifika Unguja ukaenda Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kwanza utaoneshwa kima punju, wale kima wenye mgongo mwekundu wanaojulikana Zanzibar tu. Baadaye kiongozi wa wageni atakupeleka upande wa Pete, kwenye mikoko. Hapo njia ya udongo inakoma na njia ya mbao inaanza. Ni njia nyembamba iliyoinuliwa juu ya nguzo, nayo inapita katikati ya miti. Maji yakiwa yamekupwa, chini yako utaona tope jeusi, mizizi iliyopindana, na kaa wanaokimbilia mashimoni wasikiapo nyayo. Maji yakijaa, tope lote linafunikwa, nawe unajikuta ukitembea juu ya bahari ndani ya msitu. Watoto huinama wakawatafuta kaa. Watu wazima hupiga picha mizizi, majani, na mwanga wa jua juu ya maji. Ni nadra kumwona mtu akipiga picha mbao anazokanyaga.

Leo naomba tuzitafakari hizo mbao.

Mkoko huishi katika tope lisilo na hewa ya kutosha. Ndiyo maana mizizi yake hutokeza juu ya tope na kuvuta hewa wakati maji yamekupwa. Mtu mmoja akipita hapo na viatu vyake, pengine hutaona tofauti. Wakipita wengi kila wiki, tope linashindiliwa, mizizi inavunjika, miche michanga inakanyagwa, na baada ya muda wageni watakuwa wameua kile walichokuja kukiona. Kwa hiyo njia iliinuliwa. Nguzo chache tu ndizo zinazogusa tope. Kati ya ubao na ubao kuna upenyo wa kupitisha mvua na mwanga. Bahari inaingia na kutoka chini yake bila kuzuiwa. Watu wanafika ndani kabisa ya msitu, na msitu unaendelea kupumua.

Wanaosanifu vivuko vya hifadhini wakiwa wazuri katika kazi yao, hawaanzi na kalamu. Huanza kwa kwenda mahali penyewe na kukaa. Huuliza maji hupanda hadi wapi wakati wa masika, ukingo upi ni mgumu na upi unamomonyoka, wanyama huteremkia wapi kunywa, na mizizi ya ule mti mkubwa imefika wapi chini ya ardhi. Wakishajibiwa ndipo wanachora. Mara nyingi majibu hayo hubadilisha kila kitu walichokuwa wamekifikiria. Daraja litapinda ili kuukwepa mti. Litasogezwa mbele, pale mto unapokuwa mwembamba, livuke kwa mara moja bila nguzo katikati ya maji. Misingi itarudishwa nyuma kutoka ukingoni ili mto upate nafasi ya kutanuka siku ya mafuriko. Mbao zitakuwa za aina inayogeuka kijivu kwa jua na mvua mpaka zifanane na magogo ya jirani, au jiwe litakuwa la mahali hapo hapo. Vishikio vitakuwa vyembamba, macho yaweze kupita.

Je, mpendwa, mimi na wewe huanza wapi tunapotaka kumsaidia mtu?

Nadhani wengi wetu huanza na daraja. Tunafika tukiwa tayari na ushauri, mchango au mpango, na tunautandaza mahali ambapo hatujapatazama bado. Jirani amefiwa, nasi tunaanza kumweleza ni kwa nini Mungu ameruhusu, kabla hajamaliza kusimulia mgonjwa wake alivyokuwa usiku ule wa mwisho. Kijana amekosa kazi mwaka mzima, mjomba anamtafutia kibarua, halafu habari hiyo inasimuliwa kwenye kila kikao cha ukoo, mbele ya wakwe na wadogo zake. Msaada ulikuwa wa kweli. Kijana amevuka. Lakini kuna kitu ndani yake kimekanyagwa, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kikimwezesha kupumua: heshima yake mbele ya watu wake.

Sisemi hivi ili ujilaumu. Ulitoa kwa moyo, na Mungu aliyaona machozi yako na fedha yako. Nataka tu tusogee hatua moja zaidi, kutoka kwenye upendo unaotoa hadi kwenye upendo unaotazama kabla ya kutoa.

Bwana wetu alitufundisha hili katika njia ya kutoka Yeriko. Bartimayo alikuwa kipofu, na kila mtu barabarani alijua alichokikosa. Yesu alikuwa na uwezo wa kumponya kwa mbali na kuendelea na safari. Badala yake alisimama, akaagiza aitwe, kisha akamuuliza anataka afanyiwe nini. Ukiisoma habari hiyo katika Marko sura ya kumi, tulia kidogo kwenye swali hilo. Mwenye uwezo wote alimpa maskini nafasi ya kusema hitaji lake kwa kinywa chake mwenyewe. Watu waliokuwa wakimwambia anyamaze walisikia sauti yake ikisikilizwa na Bwana. Uponyaji wa macho ulikuja baadaye. Heshima yake ilitangulia kurudishwa.

Ni nani unayempenda ambaye hujamuuliza swali hilo kwa muda mrefu? Pengine ni mwenzi wako, ambaye unaamini unamjua vya kutosha. Pengine ni mtoto ambaye siku hizi anajibu kwa neno moja. Swali hilo halina gharama, ila linahitaji utulivu. Jibu litakapokuja, usishangae likikutaka upinde mpango wako ili kuuacha mti mahali pake.

Sasa twende mbali kidogo, mjini New York, Marekani, katika bustani kubwa ya Central Park. Mwaka 1858 mpango wa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux ulishinda shindano la kuisanifu bustani hiyo. Masharti ya shindano yalitaka barabara nne za mji zipite katikati. Wengine wangeziacha zikate nyasi na kuharibu utulivu wote. Wao walizishusha chini ya usawa wa ardhi, mikokoteni ipite bila kumsumbua mtu aliyeketi kwenye majani. Kisha yakahitajika madaraja mengi ili watembea kwa miguu, wapanda farasi na magari ya farasi wapishane kwa usalama. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilimwangukia Vaux, akisaidiwa na Jacob Wrey Mould. Hawakuchora daraja moja na kulirudia kila mahali. Penye miamba walitumia mawe. Penye ziwa waliweka Bow Bridge, daraja la chuma lililokamilika mwaka 1862, jepesi, likipinda taratibu juu ya maji. Katika vichaka vya sehemu iitwayo Ramble kuna vivuko vidogo vya magogo.

Vaux ndiye aliyemwalika Olmsted washiriki shindano hilo pamoja. Yeye alikuwa na ujuzi wa usanifu wa majengo; Olmsted alikuwa bado hajasanifu bustani hata moja. Miaka ilipopita, jina la Olmsted lilikua mpaka akaitwa baba wa usanifu wa mandhari nchini Marekani, na watu wengi wanaomfahamu hawajawahi kulisikia jina la Vaux. Hata hivyo, kila siku maelfu ya watu huvuka juu ya kazi ya mikono yake, wakielekea mahali wanapokwenda.

Habari hii hunikumbusha Barnaba. Sauli, ambaye baadaye aliitwa Paulo, alipookoka na kufika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, na walikuwa na sababu: alikuwa amewatesa ndugu zao. Kati ya Sauli na kanisa palikuwa na korongo, wala hakuna aliyetaka kulikaribia. Barnaba alimshika mkono, akampeleka kwa mitume, akawaeleza jinsi Bwana alivyojionesha kwake njiani. Baadaye, kazi ilipokua Antiokia, alisafiri mpaka Tarso kumtafuta na kumleta. Mwanzoni kitabu cha Matendo ya Mitume huwataja wawili hawa kwa kumtanguliza Barnaba. Ukiendelea kusoma, utaratibu unageuka: mara nyingi anatajwa Paulo, kisha Barnaba. Hatusomi popote kwamba Barnaba alilalamika. Kanisa lilivuka juu yake likampata Paulo, naye aliridhika kwamba wamevuka.

Je, ungefurahi kama mtu uliyemwinua angetajwa kabla yako? Usijibu haraka. Mwachie Roho Mtakatifu muda wa kupita moyoni na swali hili. Ikiwa jibu linauma kidogo, usiogope. Maumivu hayo ni mahali pa kuanzia kuomba. Mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye wanafunzi wake sasa ni wachungaji, dada aliyeacha shule ili wadogo wasome, baba aliyetembea kwa miguu ili nauli iwe ya mtoto: watu hawa wapo katika kila usharika, na wengi wao hatuwataji kwenye risala. Kama wewe ni mmoja wao, neno langu kwako leo ni hili: Bwana anajua ni akina nani waliovuka juu yako, na wapi walifika.

Lakini hapa hatuna budi kusimama, kwa sababu upendo hufurahia kweli.

Kabla ya Central Park kuwepo, katika sehemu ya ardhi hiyo paliishi watu. Kijiji chao kiliitwa Seneca Village, na kilianza mwaka 1825. Wakazi wake walikuwa kama 225, wengi wao Wamarekani weusi, na miongoni mwao walikuwemo waliomiliki viwanja vyao katika nchi ambayo utumwa ulikuwa bado haujafutwa kote. Walikuwa na makanisa matatu na shule. Kufikia mwaka 1857 wote walikuwa wameondolewa kwa amri ya serikali ili bustani ijengwe. Wenye viwanja walilipwa, ingawa wapo waliolalamika kwamba malipo hayakulingana na thamani. Kwa miaka mingi sana waliotembea juu ya nyasi zile nzuri hawakujua kwamba hapo palikuwa na madhabahu, makaburi na nyumba za watu. Kibao cha kumbukumbu kiliwekwa mwaka 2001.

Nimeona ni vema nikuambie hili kwa sababu tunazungumza juu ya madaraja yasiyotaka kuonekana, na moyo wa mwanadamu ni mwepesi kuchanganya mambo mawili. Unyenyekevu humficha mtumishi. Uovu humficha aliyeumizwa. Familia inaweza kuonekana tulivu sana machoni pa majirani, kila kitu kikiwa kimepangwa vizuri, kumbe utulivu huo umesimama juu ya mtu mmoja aliyeambiwa anyamaze. Usharika unaweza kuimba vizuri huku umemfukia mjane mmoja na malalamiko yake. Upendo wa Kristo haufanyi kazi hivyo. Haujengi uzuri juu ya mtu. Na pale ambapo uzuri ulikwisha kujengwa hivyo, upendo huchimbua taratibu, hulitaja jina, huweka kibao.

Je, kuna jina ambalo nyumbani kwenu halitajwi mezani? Huenda wiki hii ni wakati wa kulitaja mbele za Mungu kwanza, kisha mbele ya mtu mmoja unayemwamini.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye msamaha. Kuna daraja moja ambalo kila nikisoma habari zake moyo wangu hutulia. Lipo Uholanzi, karibu na mji mdogo wa Halsteren, kwenye ngome ya kale ya udongo iitwayo Fort de Roovere. Ngome hiyo ni ya karne ya 17, sehemu ya mstari wa ulinzi uliotegemea maji. Nyakati za vita Waholanzi waliifurikisha nchi kwa kiasi cha maji kilichokuwa kirefu mno kwa askari wa miguu na kifupi mno kwa mashua. Kuizunguka ngome palichimbwa handaki pana lililojaa maji. Kazi yake ilikuwa moja: adui asivuke.

Vita vilipita. Karne zilipita. Ngome ilipofanyiwa ukarabati ili watu waje kutembea na kuendesha baiskeli, ilihitajika njia ya kuvuka handaki. Wasanifu Ro Koster na Ad Kil walipewa kazi hiyo, nao wakapata shida ya kweli. Kuweka daraja juu ya handaki la ngome, tena upande ule ule ambao adui alitazamiwa kutokea, kungekuwa kulidhihaki handaki lenyewe na historia yake. Kwa hiyo hawakulipitisha juu ya maji. Walilizamisha. Njia inashuka kutoka ukingoni na kukata maji mpaka ng'ambo, na maji yanasimama kushoto na kulia, yakikaribia ukingo wa kuta za mbao. Ukitazama kwa mbali huoni daraja. Unaona handaki lisilokatizwa, na vichwa vya watu vikipita katikati ya maji. Linaitwa Daraja la Musa, na kila aliyewahi kusikia habari za Bahari ya Shamu anaelewa kwa nini.

Tazama jinsi msamaha wa kweli unavyofanana na kazi hiyo.

Handaki halikufukiwa. Anayesamehe halazimiki kusema kwamba hakuumizwa. Wapo wapendwa wengi wanaoteseka kwa sababu waliambiwa kusamehe maana yake ni kusahau, na kila kumbukumbu inaporudi wanadhani msamaha wao ulikuwa wa uongo. La, mpendwa. Kristo alipofufuka, alama za misumari zilikuwa bado mikononi mwake, na alimruhusu Tomaso aziangalie. Historia ya kilichotokea inaweza kubaki mahali pake, na kina chake chote, huku njia imefunguliwa katikati yake.

Tena, anayevuka hapo hushuka. Hakuna njia ya juu. Yule aliyekosea hushuka kwa kukiri, bila kutafuta maneno ya kujitetea. Yule aliyekosewa naye hushuka kutoka mahali pa juu ambapo maumivu yake yamemweka, mahali ambapo angeweza kukaa akihukumu maisha yake yote, tena kwa haki. Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya Kristo aliyekuwa sawa na Mungu naye akashuka, akatwaa hali ya mtumwa, akashuka tena hata mauti. Njia yetu ya kwenda kwa Baba imepita chini namna hiyo. Je, tutashangaa kuona kwamba njia ya kwenda kwa ndugu yetu nayo inapita chini?

Na njia hiyo ilifunguliwa upande ule ambao adui alitazamiwa. Hili ndilo gumu kuliko yote. Ni rahisi kufungua mlango upande wa marafiki. Lakini nisikilize vizuri hapa, hasa wewe unayeishi na mtu ambaye bado anakupiga au kukutishia. Daraja la Halsteren lilijengwa baada ya vita kwisha. Anayekuumiza leo, unaweza kumwombea na kumkabidhi kwa Mungu ukiwa mahali salama, na kutafuta msaada wa wazee, wa mchungaji, au wa sheria. Mungu hakuombi umsamehe kwa kuutoa mwili wako upigwe tena. Msamaha unaweza kuanza moyoni kabla njia haijawa salama kupitika, na Bwana anaupokea hivyo hivyo.

Turudi kwa Barnaba. Katika safari ya kwanza ya Paulo, kijana Yohana Marko aliwaacha njiani akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo akakataa. Walishindana mpaka wakatengana. Paulo alimchukua Sila akaenda zake, naye Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro. Mtu aliyekuwa daraja la Paulo sasa akawa daraja la kijana ambaye Paulo hakumtaka. Maandiko hayasimulii mazungumzo ya huko Kipro, wala ni mara ngapi Barnaba alimtia moyo kijana yule aliyejiona ameshindwa. Lakini mwishoni mwa waraka wake wa pili kwa Timotheo, Paulo, akiwa kifungoni na mauti ikiwa karibu, anaomba aletewe Marko, kwa sababu anamfaa katika utumishi. Njia ilikuwa imefunguka. Miaka ilipita kati ya ugomvi ule na ombi lile, na ndani ya miaka hiyo kuna uaminifu mwingi wa kila siku ambao hakuna aliyeuandika.

Uaminifu wa kila siku ndio unaoliweka daraja hai. Mbao zinazoishi karibu na bahari hupambana na chumvi, jua na ukungu. Msumari hulegea, ubao hupasuka, na lazima awepo mtu anayepita mapema, akigonga hapa, akibadilisha pale, kabla mguu wa mgeni haujatumbukia. Handaki la Halsteren linahitaji kiwango cha maji kiangaliwe, yasipande yakamwagika ndani ya njia. Huko Central Park, daraja liitwalo Gapstow lilikuwa kwanza la mbao, lililojengwa mwaka 1874. Lilichakaa, na mwaka 1896 likajengwa jingine kwa jiwe la kisiwa cha Manhattan chenyewe, nalo limesimama mpaka leo. Bow Bridge nayo ilichakaa vibaya ikabidi ifanyiwe ukarabati mkubwa mwaka 1974, miaka ambayo bustani nzima ilikuwa imetelekezwa. Madaraja yale yalisanifiwa na watu hodari, lakini uhodari wa siku ya kwanza haukutosha. Kila kizazi kilipaswa kuyapenda upya.

Ndoa nyingi husanifiwa vizuri siku ya harusi. Urafiki mwingi huanza kwa maneno mazuri. Hata maisha yetu ya sala huanza kwa moto. Kinachofuata ni ule ukaguzi mdogo wa asubuhi: kusalimia bila haraka, kuomba radhi jioni ile ile kabla ubao haujapasuka zaidi, kumpigia mama simu bila kuwa na shida ya kumweleza, kusoma sura moja hata siku ambayo husikii chochote. Mambo haya hayapigiwi makofi kanisani. Yakifanywa vizuri, hakuna anayeyatambua, kwa sababu watu wanavuka tu na kuendelea na safari. Pengine umechoka kwa sababu hiyo, ukidhani kwamba kinachoonekana kidogo ni kidogo. Mpendwa, kinachokuchosha ndicho kinachowashikilia.

Wiki hii nakuomba jambo moja. Chagua mtu mmoja ambaye kati yako naye kuna maji, yawe mengi au machache. Siku ya kwanza na ya pili usimtumie ujumbe, wala usimtume mtu. Mtazame tu mbele za Mungu kama msanifu anavyotazama mahali: ameumizwa wapi, anaogopa nini, ni kitu gani ndani yake hutakiwi kukanyaga kabisa. Kisha, ukipata nafasi, muulize swali lile la Yeriko, nawe usikilize jibu mpaka mwisho. Ikiwa una la kukiri, likiri kwa ufupi. Ikiwa una la kusamehe, lipeleke kwanza msalabani. Hatua ndogo ikifanyika, usiitangaze. Iendeleze wiki inayofuata.

Tuombe.

Ee Bwana, ulitushukia tukiwa ng'ambo, ukatuvusha bila kutudharau. Tufundishe kutazama kabla ya kusaidia, kusema kweli bila kumfukia mtu, na kusamehe bila kujidanganya. Wakumbuke wote waliotuvusha ambao hatukuwashukuru, na utupe nafasi ya kuwashukuru walio hai. Mlinde anayeishi na hatari usiku huu, umpe mahali salama na watu wa kumsimamia. Utupe nguvu ya kurudia yale madogo kesho, na kesho kutwa, mpaka wote tuliokabidhiwa wafike kwako. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.